Gari la Bosi, Betri ya Deiwaka: Umbea wa Magari ya Umeme Zaidi ya Miaka 120 Iliyopita

Ikipita bodaboda ya umeme mtaani, watu bado wanageuza shingo. Haina kelele, haina moshi, inapita tu kama paka. Utasikia mtu kijiweni anasema Wachina hawa noma, dunia imefika mwisho. Imefika mwisho wapi? Mwaka 1897, kipindi ambacho Mkwawa alikuwa bado anawasumbua Wajerumani kwenye misitu ya Uhehe, pale London teksi za umeme zilikuwa tayari zinabeba abiria, zina madereva wao, na zina skendo zao.

Skendo ndiyo inakumbukwa kuliko hata teksi zenyewe. Tarehe 10 Septemba 1897, usiku, dereva mmoja wa teksi hizo, kijana wa miaka 25, alipiga mtungi wake vizuri halafu akarudi kwenye usukani. Safari ikaishia kwenye ukuta wa jengo moja mtaa wa New Bond. Polisi wakambeba. Mahakamani hakuzunguka, alikiri, akapigwa faini. Mpaka leo anatajwa kama mtu wa kwanza kukamatwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Gari la umeme, usisahau.

New York nao hawakubaki nyuma. Tarehe 20 Mei 1899 dereva wa teksi ya umeme alidakwa na polisi wa baiskeli kwa kosa la spidi kali. Spidi yenyewe? Maili 12 kwa saa, kama kilomita 19. Bajaji iliyobeba abiria watatu na gunia la mkaa inampita. Lakini alilala ndani, na ndiye anayehesabiwa dereva wa kwanza Marekani kukamatwa kwa mwendo kasi. Septemba ya mwaka huohuo kuna bwana alishuka kwenye tramu pembeni ya Central Park, teksi ya umeme ikampitia. Alifariki kesho yake. Anahesabiwa mtembea kwa miguu wa kwanza Marekani kuuawa na gari. Dereva alishitakiwa, baadaye akaachiwa.

Yaani ukifukua kesi za mwanzo za barabarani, teksi za betri zimo kila kona. Hata Rais wa Marekani alipopigwa risasi mjini Buffalo, Septemba 1901, ambulansi iliyomkimbiza kutibiwa ilikuwa ya umeme. Na hesabu zinakubali. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 4,192. Ya mvuke yalikuwa 1,681, ya umeme 1,575, ya petroli 936. Petroli ilishika mkia!

Sasa yalipotelea wapi?

Jibu la haraka ni kwamba petroli ilishuka bei na magari yake yakawa rahisi. Ni kweli kabisa. Mwaka 1912 gari dogo la umeme Marekani liliuzwa kama dola 1,750, wakati la petroli ulilipata kwa dola 650. Hapo mwenye akili zake anachagua nini? Ila hilo ni jibu la dukani. Jibu la gereji ni lingine, na limekaa chini ya kiti cha dereva, linanuka asidi.

Betri za wakati ule zilikuwa za risasi na asidi, ndugu kabisa wa betri inayowasha daladala leo. Aina hiyo ilivumbuliwa Ufaransa mwaka 1859. Ndani kuna pleti za risasi zimelowekwa kwenye asidi, na kila chumba kinatoa volti 2 tu, kwa hiyo ili upate nguvu ya kusukuma gari unaviunga vyumba vingi kwa mnyororo. Teksi ya London ilibeba vyumba 40. Uzito wa mzigo huo ulikuwa karibu kilo 700. Kilo 700 za betri, gari litembee kama kilomita 50, basi, moto umeisha.

Uzito ungevumilika. Tatizo lilikuwa madeko. Betri ya risasi inadeka kuliko bi harusi wa Ijumaa. Ukiirudisha imeisha moto halafu ukaiacha hivyo siku kadhaa, pleti zinaota unga mgumu wa salfeti, na unga ukishakomaa umeme hauingii tena hata ufanye nini. Ukisema basi niichaji sana, hapo napo umekosea: inatoa mapovu, maji yanapungua, pleti zinamomonyoka, uchafu unashuka chini na kurundikana mpaka unagusanisha pleti, chumba kinakufa. Na chumba kimoja kikifa kati ya 40, gari zima linachechemea, maana vyote vimefungwa mnyororo mmoja. Barabara za mawe nazo zilikuwa zinaitikisa hiyo mizigo kutwa nzima.

Kuchaji kwenyewe hakukuwa kuchomeka na kwenda kulala kama unavyofanya na simu. Unaanza kwa kuipa umeme mwingi, halafu kadiri inavyojaa unapunguza kwa mkono. Hakuna kompyuta, hakuna taa ya kijani. Lazima awepo mtu, ana saa, ana mita, na ana haidromita, kile kijibomba cha kioo chenye mpira juu ambacho mafundi betri wa mtaani wanacho hadi leo. Unavuta asidi kidogo, unaangalia kielea kilichomo ndani. Kikikaa kwenye 1.28, chumba kimejaa. Kikizama kuelekea 1.15, chumba kitupu. Unafanya hivyo chumba kwa chumba. Halafu unaongeza maji ya betri, yaani maji yaliyochujwa kwa mvuke, si ya bomba, mpaka pleti zifunikwe. Usijaze sana, yatamwagika na asidi. Usivute sigara, maana hewa inayotoka ni haidrojeni, na haidrojeni haina utani na kiberiti. Nguo zako? Zihesabu zimekwenda. Asidi inatoboa suruali taratibu, unakuja kugundua ukizifua.

Zidisha kazi hiyo kwa magari mia. Kila usiku.

Nani alikuwa anafanya? Hapo ndipo kumbukumbu zinapokuwa na aibu. Mvumbuzi anajulikana. Mwenye hisa anajulikana. Hata yule mlevi wa New Bond jina lake lipo, miaka yake ipo, na ukuta alioubamiza upo. Lakini vijana wa zamu ya usiku waliokuwa wanachungulia vielea mpaka macho yanauma, wao wameandikwa kwa jumla tu: "wafanyakazi".

Kazi yao ndiyo ilikuwa moyo wa biashara nzima. Teksi za London zilikuwa na kituo Lambeth ambako lifti ya maji ilishusha betri iliyochoka na kupandisha iliyojaa ndani ya dakika chache. New York kampuni ilichukua ukumbi wa zamani wa kuteleza kwenye barafu, pale Broadway, ikaugeuza kituo cha kubadilishia betri. Teksi inaingia, inasukumwa mahali pake, mtambo unavuta trei ya betri nje, nyingine inaingizwa, dereva anarudi barabarani. Ilichokuja kuitwa maajabu Kigali na Nairobi kwenye miaka hii, Broadway walikuwa nacho kabla ya mwaka 1900.

Ila kuna kitu wakubwa hawakukielewa. Dereva hakuwa na uchungu na betri, kwa sababu si yake na hata haiachi ndani ya gari lake. Anaishusha, anachukua ya mwenzake. Akiona bado kuna abiria anamalizia na ule moto wa mwisho kabisa, anairudisha imekauka. Kijana wa kituoni naye anapokea betri hajui imeteswaje huko. Anaichaji sawa na nyingine. Baada ya miezi, pleti zinaanza kuanguka. Wote wawili wamefanya kazi zao, na betri imekufa.

Kampuni ya New York ilipoona mambo matamu ikataka kuteka miji yote. Hisa zikauzwa, magari yakaagizwa kwa mamia, matawi yakafunguliwa. Watu wanaojua betri hawakuagizwa kwa mamia. Hawakuwepo. Ufundi ule ulikuwa na umri wa miaka miwili mitatu tu, huwezi kuuokota mtaani. Matawi yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, waandishi wakaibatiza kampuni jina la kejeli kwa sababu ya hiyo risasi ya kwenye betri zake, na mwaka 1907 ikafilisika. Teksi za London zilikuwa zimeshakufa tangu Agosti 1899, miaka miwili tu baada ya kuanza, betri na tairi zikiwa zimekula faida yote.

Mabaki ya biashara yakahamia kwa matajiri, na hapa umbea unanoga tena.

Magari ya petroli ya wakati ule yaliwashwa kwa kuzungusha wenzo mbele ya injini, na wenzo ukirudi nyuma ghafla unavunja mkono. Sasa nani atavaa gauni la hariri akazungushe chuma mbele za watu? Wenye pesa wakawanunulia wake zao magari ya umeme. Yalikuwa kama sebule ndogo inayotembea: vioo vikubwa, viti vya kitambaa, kwenye mengine hadi chombo cha maua, na badala ya usukani wa duara kuna wenzo mmoja unausukuma kama wa mashua. Jina kubwa lilikuwa Detroit Electric. Na mmoja wa wateja wao alikuwa mke wa yule bwana anayemwaga Model T kwa maelfu na kuufanya ulimwengu mzima unuke petroli. Mume anauza petroli, mke anapanda betri! Lake la mwaka 1914 limehifadhiwa hadi leo kwenye makumbusho ya mume wake huko Dearborn, Michigan.

Wauzaji waliwaambia akina mama kwamba gari la umeme halina usumbufu. Halina usumbufu kwa nani? Umeme wa majumbani mara nyingi ulikuwa ule unaogeuka mwelekeo, na betri haukubali, inataka unaokwenda upande mmoja tu. Kwa hiyo nyumba ya kitajiri iliwekewa mtambo wa kuugeuza: puto la kioo lenye zebaki ndani, likifanya kazi linawaka rangi ya zambarau kama taa za klabu. Muda wote huo mtu lazima awe na habari nalo. Bibi mwenye gari halali macho. Kuna dereva wa nyumbani, kuna kijana wa banda la magari.

Asiye na mtambo alikuwa na gereji. Jioni kijana wa gereji anakuja kulichukua gari mlangoni, usiku linaoshwa, linachajiwa, linaongezwa maji ya betri, asubuhi linarudishwa mlangoni linang'aa. Bibi anaona gari ambalo kila siku limejaa. Analipa kwa mwezi. Hiyo "haina usumbufu" ilikuwa na mikono yenye makovu ya asidi nyuma yake.

Kampuni za umeme, kwa upande wao, zilishangilia. Usiku watu wanazima taa, mitambo inazunguka bure. Magari yakichajiwa saa hizo ni hela inayookotwa. Ndiyo maana nyingi zilipigania magari haya kuliko hata watengenezaji.

Yule mvumbuzi mashuhuri wa balbu naye aliingia ulingoni. Alichukia risasi na asidi, akatumia miaka kutengeneza betri ya nikeli na chuma. Ya kwanza ilianza kuuzwa, ikavuja, akairudisha kiwandani kwa fedheha na kuanza upya. Iliyokuja karibu na mwaka 1910 ilikuwa chuma kweli. Unaisahau imeisha moto, haikasiriki. Unaizidishia chaji, inavumilia. Baadhi zimedumu miongo. Kwa kijana wa zamu ya usiku ilikuwa zawadi ya mbinguni, maana inasamehe. Lakini bei yake haikamatiki, baridi kali inaipunguza nguvu, na inakula umeme mwingi kuliko inaourudisha. Akaipata aliyekuwa nazo.

Wazo lililokuwa na akili zaidi ya yote halikutoka kwa mvumbuzi. Lilitoka Hartford, Connecticut, kwa kampuni ya umeme ya mji. Mwenye biashara alinunua gari la mizigo bila betri. Betri inabaki mali ya kampuni. Yeye analipa ada ya mwezi na kiasi kwa kila maili anayotembea, na betri ikichoka anakuja kubadilishiwa. Kwa maneno mengine, anayeichaji betri ndiye anayepata hasara ikifa. Ghafla kila mtu akawa na sababu ya kuipenda. Mpango huo ulidumu hadi 1924, magari yake yakatembea zaidi ya maili milioni 6. Linganisha na zile teksi: betri zilezile za risasi, asidi ileile, vielea vilevile. Kilichobadilika ni nani anaumia.

Lakini mwaka 1912, Cadillac ikatoa gari la petroli linalowashwa kwa kubonyeza. Hakuna tena kuzungusha wenzo. Na kinachozungusha injini pale ni nini? Mota ndogo ya umeme na betri ya risasi. Gari la betri liliuawa na betri, tena ndogo, isiyofanya kazi zaidi ya sekunde chache kila safari na inayochajiwa na injini yenyewe ikiwa barabarani. Haina zamu ya usiku. Detroit Electric ilijikongoja na wateja wake wazee hadi mwaka 1939.

Uingereza magari haya hayakufa, na huwezi kuamini yaliokolewa na nini. Maziwa. Gari la kugawa maziwa alfajiri linasimama kila nyumba, halihitaji spidi, halitakiwi kuamsha watu, na njia yake ni ileile kila siku. Saa sita mchana limesharudi bohari, linachomekwa, kuna mtu anazungukia maji. Kufikia miaka ya 1960 nchi hiyo ilikuwa inajisifu kuwa na magari ya betri mengi kuliko dunia nzima iliyobaki ikijumlishwa, na mengi yalikuwa hayo ya maziwa. Hakuna tajiri aliyepiga nayo picha.

Kwa hiyo Kigali ilipoanza kuona moto za umeme zikibadilishiwa betri vituoni mwaka 2019, na Nairobi ikafuata, kilichorudi kilikuwa Broadway na Hartford kwa pamoja. Mwendeshaji ananunua pikipiki, au anaikopa, betri ni ya kampuni. Moto ukipungua anaingia kituoni, anaichomoa, anapewa iliyojaa, analipia, anasepa kuwahi abiria. Dakika mbili tatu hivi.

Betri yenyewe si ya risasi tena, ni ya lithiamu. Haitaki maji, haina kielea. Ndani yake kuna kikompyuta kinachofanya ile kazi ya kijana wa 1899: kinapima kila seli, kinazuia isijae kupita kiasi, kinakata moto kabla haijakauka kabisa hata dereva akitaka kulazimisha. Ule mchezo wa kumalizia moto wa mwisho umefungwa kwa programu. Madeko ya lithiamu ni mengine. Inachukia joto, na ukiichaji ikiwa bado imepamba moto kutoka mlimani unaipunguzia miaka, ndiyo maana kituo kizuri kinaipoza kwanza. Haipendi kukaa imejaa pomoni wiki nzima bila kazi, wala kukaa sifuri. Mwenye skuta ya umeme anayeichajia nyumbani, ambaye hana kampuni nyuma yake, haya ni yake mwenyewe: aiache ipoe, atumie chaja yake ileile iliyokuja nayo, asiichomeke usiku kucha mlangoni panapopita watoto.

Kwa mwendeshaji wa bodaboda kuna kitu kimoja ambacho yule dereva wa Broadway angekitambua mara moja. Betri si yake. Kituo kikikatika umeme, foleni ikiwa ndefu, au kikifungwa mapema, hawezi kwenda kwa fundi wa jirani akachomeka kwa buku. Anasimama. Na jioni hesabu ya bosi au rejesho la mkopo liko palepale, halijali kama kituo kilikuwa na moto au hakikuwa nao. Petroli ilikuwa na ubaya wake wote, ila ukiishiwa Mbagala au Kasarani kuna mtu ana chupa ya lita moja pembeni ya barabara. Chupa ya umeme hakuna. Hilo ndilo waendeshaji wanalalamikia wakikaa kijiweni kuliko hata bei ya pikipiki, na wako sahihi.

Usiku, mwendeshaji wa mwisho akishaondoka, kituo hakifungwi. Kuna kijana anabaki. Anazipanga betri zilizorudi, za moto kando zipoe kwanza, zilizopoa anaziingiza kwenye kabati moja moja, anasubiri taa iwake, anahamia nyingine. Saa kumi na moja alfajiri wa kwanza wameshafika, wanapiga honi.